Kupunguza Upepo ni Rahisi, Kuurudisha Ndiyo Kazi: Namna ya Kuchagua Mashine ya Kujazia Matairi Njiani

Na Mwandishi Wetu, Makambako

Mji wa Makambako, mkoani Njombe, ni njia panda inayofahamika nchini. Hapo ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Mbeya na Tunduma inapokutana na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo hupita katika mji huo. Kwa wakazi wa Lyamkena na kata nyingine za Halmashauri ya Mji wa Makambako, kuna makutano mengine yasiyo na kibao lakini yenye uzito katika safari za kila siku. Ni pale barabara ya udongo inapokoma na lami kuanza.

Gari linalotoka shambani na shehena ya mahindi, viazi, parachichi au mbao likifika mahali hapo, mahitaji ya matairi yake hubadilika ghafla. Kwenye tope na udongo laini, tairi lililopunguzwa upepo husaidia gari kupita. Kwenye lami, tairi hilo hilo likikimbizwa kwa mwendo wa barabara kuu huwa chanzo cha ajali. Dereva aliyepunguza upepo anao wajibu wa kuurudisha kabla ya kuongeza mwendo, na hapo ndipo linapojitokeza swali la makala haya: aurudishe kwa kifaa gani, iwapo kibanda cha fundi wa pancha kiko mbali?

Swali hili haliwahusu wasafirishaji wa mazao pekee. Magari ya halmashauri, ya zahanati na vituo vya afya, ya maafisa ugani na ya shule hupita katika barabara hizo hizo. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, unaohudumia wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kwa simu ya bure namba 115, hutumia magari ya wagonjwa na, pale yasipopatikana, madereva wa jamii. Kwa safari ya namna hiyo, nusu saa ya kusimama kandokando ya barabara kwa kukosa upepo haiwezi kuhesabiwa kuwa usumbufu mdogo.

Kwa nini dereva apunguze upepo

Mkoa wa Njombe hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza kwa kawaida mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika kipindi hicho barabara nyingi za vijijini, ambazo husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), hubeba magari mazito zikiwa zimelowa.

Tairi lililojaa kikamilifu hugusa ardhi kwa eneo dogo. Uzito wote wa gari hukandamiza eneo hilo, na udongo ukiwa laini tairi huzama. Upepo ukipunguzwa, tairi hulala na kurefuka chini, eneo linalogusa ardhi huongezeka, na uzito husambaa. Gari huzama kidogo na tairi hupata mshiko. Kwenye barabara ya changarawe yenye mawe na makorongo, tairi lililolegezwa kidogo pia hupunguza mtikisiko, jambo lenye faida kwa mgonjwa aliyelazwa ndani ya gari na kwa matunda yasiyopaswa kuchubuka.

Maarifa haya si mapya. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Jeshi la Marekani lilitumia gari la majini na nchi kavu lililoitwa DUKW, ambalo dereva wake aliweza kupunguza na kuongeza upepo wa matairi akiwa kwenye usukani, ili gari litoke majini, lipite mchanga wa pwani, kisha liendelee kwenye barabara ngumu. Waliolisanifu gari hilo walitambua kwamba uwezo wa kupunguza upepo hauna maana bila uwezo wa kuurudisha. Kanuni hiyo haijabadilika: asiye na njia ya uhakika ya kurudisha upepo asiupunguze.

Ni vyema pia kufahamu kwamba si kila tope linahitaji tairi laini. Pale ambapo utelezi ni wa juu tu na chini kuna ardhi ngumu, tairi lenye upepo wa kutosha na meno mazuri linaweza kulikata tope na kushika ardhi hiyo. Aidha, gari lililojaa mzigo halipaswi kupunguzwa upepo kwa kiwango sawa na gari tupu, kwa kuwa uwezo wa tairi kubeba uzito hutegemea upepo uliomo.

Hatari ya kurudi lami na tairi laini

Upepo wa matairi hupimwa kwa paundi kwa inchi ya mraba, kipimo kinachoandikwa PSI. Vipimo vingine huonyesha bar, ambapo bar 1 ni sawa na PSI 14.5. Kiwango sahihi cha kila gari huandikwa na mtengenezaji, mara nyingi kwenye kibandiko kilichopo pembeni mwa mlango wa dereva na katika kitabu cha gari. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni ya kiwango cha juu ambacho tairi lenyewe linaweza kuhimili, na haimwambii dereva ajaze kiasi gani.

Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko huzalisha joto, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo joto linavyopanda. Joto likizidi, mpira huanza kuachana na nyuzi zinazoushikilia, na tairi linaweza kupasuka likiwa katika mwendo. Likiwa ni tairi la mbele, dereva anaweza kushindwa kulimudu gari katika sekunde chache. Kwenye barabara kuu ya Makambako, inayopitisha malori ya mizigo na mabasi ya masafa marefu mchana na usiku, sekunde hizo ni nyingi.

Kwa sababu hiyo, gari lenye matairi yaliyopunguzwa hadi PSI 20 linapaswa kwenda mwendo mdogo, usiozidi kilomita 30 hadi 40 kwa saa, na kuepuka kona za ghafla zinazoweza kulichomoa tairi kwenye ringi. Kushuka chini ya PSI 15 kwa ringi za kawaida ni kukaribisha tatizo hilo.

Hesabu ya upepo unaohitajika

Kabla ya kutazama aina za vifaa, mnunuzi anapaswa kujua anahitaji upepo kiasi gani. Tuchukue mfano wa pikapu yenye matairi ya ukubwa wa kawaida kwa magari ya aina hiyo, ambapo ndani ya kila tairi mna nafasi ya lita 65 hivi. Dereva amepunguza upepo hadi PSI 20 ili apite tope, na sasa anataka kurudi PSI 35.

Mji wa Njombe uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Makambako uko chini kidogo ya hapo. Katika mwinuko wa mita 1,900, mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 20 ukilinganisha na pwani. Kompresa inayovuta hewa hiyo nyepesi hulazimika kuvuta kiasi kikubwa zaidi ili kufikia kipimo kile kile. Kwa mfano wetu, kila tairi litahitaji takribani lita 80 za hewa ya Njombe, na matairi manne yatahitaji zaidi ya lita 320. Kazi hiyo hiyo ikifanyika Dar es Salaam ingehitaji takribani lita 265.

Hivyo, kompresa inayotoa lita 10 kwa dakika itafanya kazi zaidi ya nusu saa. Inayotoa lita 20 itachukua dakika 16 hadi 17, na inayotoa lita 60 itamaliza kwa dakika 5 hadi 6. Hesabu hii ndiyo inayopaswa kumwongoza mnunuzi dukani.

Vyanzo vya upepo vinavyobebeka

Cha kwanza ni pampu ya mguu au ya mkono. Haihitaji umeme, haiungui, na inatosha kwa pikipiki, baiskeli na kuongezea tairi moja la gari dogo. Kwa pikapu ya mfano wetu, pampu inayosukuma chini ya nusu lita kwa kila mkanyago itahitaji mikanyago zaidi ya 200 kwa tairi moja. Kwa bodaboda ni kifaa kamili. Kwa gari la njia mbovu kinafaa kuwa akiba, endapo kifaa kikuu kitashindwa.

Cha pili ni kompresa ndogo inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari. Ni nyepesi na hupatikana kwa urahisi. Udhaifu wake ni kwamba nyaya na fyuzi za tundu hilo kwa kawaida hazikukusudiwa kupitisha zaidi ya ampea 10 hadi 15, hivyo nguvu ya mashine ina kikomo. Hufaa kwa gari dogo linaloongezewa upepo kidogo. Ikilazimishwa kujaza matairi manne makubwa bila kupumzika, hupata moto na huweza kuungua.

Cha tatu ni kompresa ya umeme wa gari inayounganishwa moja kwa moja na betri kwa vibanio. Aina hii huvuta umeme mwingi, mara nyingi ampea 30 au zaidi, na hutoa upepo mwingi kwa muda mfupi. Kwa pikapu na magari ya aina ya Land Cruiser yanayotoka barabara za vijijini kwenda lami mara kwa mara, hiki ndicho chaguo linalowafaa wengi. Injini inapaswa kuwa inanguruma wakati wote wa kujaza ili betri isiishiwe nguvu, na gari liwe mahali pa wazi, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu ya moshi wenye sumu.

Mnunuzi ahakikishe kwanza kwamba gari lake linatumia volti 12. Malori mengi na baadhi ya magari mengine hutumia volti 24, na kompresa ya volti 12 ikiunganishwa na mfumo huo itaungua.

Cha nne ni kompresa yenye betri yake ya kuchaji. Faida yake ni kutokuwa na nyaya ndefu, na inaweza kutumika hata kwenye gari ambalo betri yake imekufa. Hata hivyo, betri hupoteza sehemu ya uwezo wake katika baridi, na asubuhi za Juni hadi Agosti katika nyanda za Njombe na Makete ni za baridi kali. Nyingi kati ya mashine hizi humudu kuongeza upepo katika tairi moja au mawili makubwa kabla ya kuhitaji kuchajiwa tena. Zinafaa kwa pikipiki, bajaji na magari madogo.

Cha tano ni kompresa inayofungwa kwenye injini na kuzungushwa kwa mkanda. Hutoa upepo kwa kasi na kwa muda mrefu, lakini huhitaji fundi stadi na nafasi ndani ya boneti. Inafaa kwa gari linalofanya kazi porini kila siku, mathalani magari ya mashamba ya miti na ya miradi ya ujenzi.

Cha sita ni mtungi uliojazwa upepo. Wengi hudhani mtungi hutatua kila kitu, lakini hesabu inaonyesha vingine. Mtungi wa lita 10 uliojazwa hadi PSI 120 hautoshi kulipandisha hata tairi moja la mfano wetu kutoka PSI 20 hadi 35. Mtungi husaidia zaidi pale tairi linapohitaji msukumo wa ghafla ili likae vizuri kwenye ringi, na ni sharti uambatane na kompresa ya kuujaza tena.

Cha saba ni mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi wenye kidhibiti cha mgandamizo. Kilo moja ya gesi hiyo hutoa takribani lita 540, na mtungi wa kilo 4.5 unaweza kurudisha upepo katika matairi kama ya mfano wetu mara 30 hivi, kwa haraka, bila umeme na bila kuathiriwa na mwinuko wa mahali. Kikwazo ni kuujaza upya: mnunuzi ahakikishe kwanza mahali pa karibu panapotoa huduma hiyo, kwani mtungi mtupu ni mzigo tu. Mtungi husimamishwa wima na kufungwa imara, na haupaswi kuachwa ndani ya gari lililofungwa vioo, kwa kuwa gesi ikivuja huchukua nafasi ya hewa safi na kuwakosesha pumzi waliomo.

Upepo kutoka kwenye lori

Madereva wengi wa malori wanafahamu kwamba gari lenye breki za upepo tayari lina kompresa na mitungi yake, ambayo kwa kawaida hufanya kazi kati ya PSI 100 na 120. Kwa kutumia mpira na kiunganishi kinachofaa, lori linaweza kulisaidia gari lililokwama jirani. Huu ni msaada wa kweli, na kwa lori lenyewe mara nyingi ndicho chanzo pekee cha upepo kilicho njiani, kwa sababu kompresa ndogo za magari ya kawaida haziwezi kujaza tairi la lori linalohitaji zaidi ya PSI 100.

Yapo masharti matatu. Lori liegeshwe mahali pa tambarare na kuwekewa vizuizi kwenye magurudumu. Injini iendelee kunguruma. Na baada ya kazi, dereva asiondoke hadi kipimo cha upepo wa breki kirejee katika kiwango cha kawaida, kwa kuwa upepo uliokwenda kwenye tairi ndio ule ule uliokuwa wa kusimamishia gari.

Maandishi ya kwenye boksi na maana yake

Maboksi mengi ya kompresa huandikwa kwa herufi kubwa “PSI 150” au zaidi. Namba hiyo hueleza mgandamizo wa juu ambao mashine inaweza kuufikia, na haielezi kasi ya kujaza. Kompresa ndogo sana inaweza kufika PSI 150 kwenye tairi la baiskeli na bado ikachukua zaidi ya nusu saa kwa matairi ya pikapu.

Namba inayohusika zaidi ni lita kwa dakika. Nayo isomwe kwa makini, kwani mara nyingi ni kiasi kinachotoka mpira ukiwa wazi, bila kuunganishwa na tairi. Ikisukuma dhidi ya PSI 30, mashine hutoa pungufu ya hapo, wakati mwingine nusu tu. Muulize muuzaji kiasi kinachotoka katika PSI 30. Asipokuwa na jibu, omba mashine ijaribiwe kwenye tairi la gari lako mbele ya duka.

Namba ya tatu ni muda wa kufanya kazi na kupumzika. Mashine inayoruhusiwa kufanya kazi kwa dakika 10 kisha ipumzike dakika 20 haitamaliza matairi manne kwa mkupuo mmoja. Mashine nzuri huwa na kinga inayoizima yenyewe inapopata moto.

Zaidi ya hapo, tazama urefu wa waya na mpira wa upepo. Vyote kwa pamoja viweze kufika kwenye gurudumu la nyuma na kwenye tairi la akiba. Kiunganishi cha kuzungusha kwenye valvu hushika vizuri kuliko cha kubana, na chujio la hewa liwe linaloweza kufunguliwa na kusafishwa, kwa kuwa vumbi la kiangazi huingia ndani ya mashine na kuisaga.

Mnunuzi anashauriwa kudai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi. Risiti ndiyo ushahidi wake endapo bidhaa itabainika kuwa mbovu na atahitaji kuwasilisha malalamiko katika Shirika la Viwango Tanzania (TBS), au kwa Tume ya Ushindani (FCC) ikiwa ni bidhaa bandia.

Kipimo cha upepo hakikwepeki

Kupiga tairi teke au kulitazama kwa macho hakutoshi kujua upepo uliomo. Tairi la kisasa lenye PSI 25 linaweza kuonekana sawa na lenye 35. Kipimo kilichobandikwa kwenye kompresa za bei nafuu hutikisika na mara nyingi hakionyeshi ukweli wakati mashine inafanya kazi. Ni busara kununua kipimo cha pekee, kukilinganisha na cha fundi anayeaminika, na kukihifadhi mahali pakavu.

Upimaji ufanyike asubuhi, kabla gari halijatembea. Joto likishuka kwa nyuzi 10, tairi la PSI 35 hupoteza takribani PSI 1.5 hadi 2 bila pancha yoyote. Dereva aliyejaza mchana wa jua akakuta kipimo kimeshuka alfajiri asidhani ameibiwa upepo. Vivyo hivyo, baada ya mwendo mrefu tairi hupata joto na kipimo hupanda. Upepo huo wa ziada usipunguzwe, kwa kuwa tairi likipoa litabaki pungufu.

Mambo yasiyoruhusiwa hata kwa dharura

Tairi halijazwi kwa oksijeni ya mitungi ya kuchomelea wala ya hospitali. Oksijeni ikikutana na mafuta au grisi huweza kulipuka. Halijazwi kwa gesi ya kupikia, kwa kuwa fundi atakayekuja kuchomelea au kusaga ringi siku nyingine atakuwa anafanya kazi juu ya bomu asilolijua. Kunyunyizia petroli na kuiwasha ili tairi likae kwenye ringi ni mchezo unaoweza kuondoa uhai.

Tairi lililotembea likiwa limeishiwa upepo kabisa lisijazwe bila kukaguliwa ndani, hasa la lori. Nyuzi zake zinaweza kuwa zimekatika, na likijazwa likapasuka humdhuru aliye karibu. Ringi za malori zenye pete zinahitaji uangalifu wa pekee: pete isipokaa sawasawa huruka kwa nguvu ya kuua. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye kizimba cha chuma au mnyororo wa kuzuia, mpira wa upepo uwe mrefu, na mjazaji asimame pembeni, kamwe si mbele ya ringi. Wenye karakana wakumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inawahusu, na kwamba mitungi ya kompresa ni miongoni mwa vifaa vinavyopaswa kukaguliwa.

Ajali ikitokea, Jeshi la Polisi hupatikana kwa namba 112 na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Uamuzi kwa kila mtumiaji

Mwenye bodaboda atosheke na pampu ya mguu au mashine ndogo ya betri. Mwenye gari dogo asiyeingia kwenye tope zito anaweza kutumia kompresa ya tundu la kiberiti, mradi aheshimu muda wa mapumziko. Mwenye pikapu au gari la magurudumu manne ya kusukuma anunue kompresa ya kuunganisha na betri, yenye uwezo wa kweli wa lita 20 kwa dakika au zaidi inaposukuma dhidi ya PSI 30, na aweke pampu ya mguu kama akiba. Mwenye lori ategemee mfumo wa upepo wa gari lake, akiwa na mpira na viunganishi vizima.

Kwa taasisi, jambo moja la ziada ni utunzaji. Gari la ofisi huendeshwa na madereva zaidi ya mmoja, na kifaa kisicho kwenye orodha ya makabidhiano hupotea. Kompresa, kipimo, mpira wa upepo na tairi la akiba viandikwe kwenye orodha hiyo, na kila anayepokea gari aviwashe na kuvipima kabla ya kutia saini. Vikundi vya wasafirishaji na vyama vya ushirika vya msingi vinaweza kununua kifaa kimoja imara kikakaa mahali panapojulikana, hususan pale ambapo barabara za vijijini huingia lami.

Baada ya kununua, mwenye gari asisubiri Novemba. Achague siku moja ya kiangazi, apunguze upepo wa tairi moja hadi PSI 20, kisha awashe mashine na kutazama saa hadi kipimo kifike 35. Dakika atakazopata azidishe mara nne, na aongeze muda wa kupumzisha mashine. Huo ndio muda atakaosimama pembeni ya barabara mvua ikinyesha, na kama ni mrefu kuliko abiria wake anavyoweza kusubiri, mashine hiyo airudishe dukani dhamana ikiwa bado hai.